Kipimo cha Bega

Dirisha la jikoni kwa Wistin lilitengenezwa mara nyingi kuliko dirisha lolote hapa Malta. Kila Alhamisi mchana, maduka yakishafungwa na watu wakijinyoosha baada ya chakula, Leli alishuka mtaa na kisanduku chake cha vifaa mkononi akapiga hodi. Jirani wa juu, bibi Vitor, akichungulia kwenye roshani yake, anajibiwa, "Dirisha, mama. Limekwama tena." Miaka ishirini na saba dirisha linakwama. Wenye akili walikwisha kuacha kuuliza, na wasio na akili hawakukaa mtaa ule.

Leli alikuwa na duka la vyuma, misumari na kufuli na mabomba, na aliishi juu ya duka hilo na dada yake Dolor. Hakuoa. Wistin alikuwa seremala wa karakana ya meli, amestaafu, ana miaka sitini na minne, naye hakuoa. Hizo Alhamisi walikaa jikoni saa mbili, saa tatu, chai inapoa mezani, na mengineyo hayatuhusu. Kisha Leli alibeba kisanduku chake akarudi kwa dada yake, na Wistin akabaki kula mkate wake amesimama kando ya sinki, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulimchoma roho.

Sasa sheria. Jamani, nchi yetu ni ndogo, mtu akipiga chafya mwisho huu anaombewa afya mwisho ule, lakini katika mambo haya tumewapita wakubwa wengi. Sisi ambao juzijuzi tu hata talaka hatukuwa nayo! Bunge likanyoosha mikono, akapinga mmoja peke yake, na watu wa jinsia moja wakaruhusiwa kuoana kama wengine. Siku ile watu walicheza uwanjani Valletta. Wistin aliitazama furaha hiyo kwenye televisheni, sauti ameipunguza, akalia mpaka akajishangaa. Alhamisi iliyofuata alimweleza Leli. Leli akasema, "Jambo jema kwa vijana," kisha akageukia dirisha.

Miaka ikapita. Rowena, binti wa dada yake Wistin, akaoana na mwenzake Analise, na mji mzima ukala na kucheza. Wazee wenye midomo michafu kuliko wote ndio waliogombania kucheza na maharusi. Leli alikuja na zawadi ya sufuria, akasimama karibu na mlango usiku kucha na glasi ileile. Lakini Wistin alikuwa ameyaona aliyoyaona. Alitaka na yeye. Hakutaka sherehe wala sufuria, alitaka mtu wa kula naye siku saba za juma, na jina lake liandikwe kando ya jina la mtu huyo.

Kwa hiyo Januari alipiga moyo konde akaenda kuchukua fomu ya matangazo ya ndoa. Kwetu majina ya wanaotaka kuoana hubandikwa ubaoni siku nane, asome anayepita, na mwenye pingamizi aseme. Wistin alijaza upande wake kwa mwandiko wa seremala, herufi zilizonyooka, akaiweka fomu mezani chini ya sahani ya biskuti. Leli aliivuta, akavaa miwani, akasoma yote mpaka maandishi madogo ya chini. Akaikunja taratibu akairudisha palepale.

"Baada ya Pasaka," akasema.

"Baada ya Pasaka nini?"

"Nitakujibu. Tubebe kwanza."

Kubeba ndiko kulikowakutanisha. Katika mji wao wa bandarini, asubuhi ya Pasaka, sanamu ya Kristo Mfufuka huzungushwa mitaani juu ya mabega ya watu wanane, wawili wawili chini ya boriti mbili ndefu. Mwisho wa mzunguko, penye ule mtaa wenye mwinuko unaopanda kanisani, hawatembei tena, wanakimbia nayo. Kilo mia nne zinakimbizwa mlimani, bendi inapiga, na watu wanalia. Kwa hiyo wanaolingana bega ndio wanaowekwa pamoja, maana mmoja akizidi mwenzake hata kidogo, mzigo wote unamlalia yeye. Warefu hukaa nyuma na wafupi mbele, ili mlimani sanamu isiinamie nyuma. Na jozi ya nyuma kabisa, tangu nywele zao zikiwa nyeusi, ilikuwa Wistin na Leli.

Jumapili ya pili ya Kwaresima walipimwa kama ilivyo desturi, chumba cha nyuma ya madhabahu, kila mtu ndani ya kanzu yake nyeupe ya kubebea. Mpimaji ni Grezju, mkuu wa wabebaji, mwenye rula ya mbao na ulimi usio na breki. Hapimi kichwa, anapima bega.

"Wistin! Mia hamsini na mbili. Huzeeki, mshenzi wewe, unakula nini?"

"Mkate mkavu."

"Endelea nao. Leli!"

Leli akasimama ukutani. Grezju akaweka rula, akaitazama, akaiweka tena.

"Mia arobaini na saba," akasema.

Wakaangua kicheko. Nenu kinyozi, mfupi kuliko wote, akapiga makofi. "Leli, Dolor anakufua kwa maji ya moto nini? Umenywea, ndugu yangu! Karibu huku kwetu, hewa ya huku chini ni nzuri."

Wistin alicheka pamoja nao, na akiwa bado anacheka macho yake yakashuka. Kanzu ile Dolor aliikata iishie kwenye vifundo vya miguu, na Dolor hakosei kipimo. Sasa pindo lake lilikuwa limelala sakafuni, limefunika viatu. Ndani ya kanzu, Leli alikuwa amekunja magoti.

Kicheko kilimkauka Wistin mdomoni. Mtu mzima wa miaka sitini na miwili amejikunja mbele ya wenzake, shingo imemwiva kwa wekundu, ili asipangwe tena kando ya Wistin. Wistin alimwonea haya kwanza. Uchungu ulikuja baadaye, alipokuwa akivua kanzu, na ulikuja kwa nguvu hata akakosa vifungo.

"Leli mbele na Nenu," Grezju akatangaza. "Wistin, utakuwa na Marton."

Marton alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa miaka arobaini, mwenye mabega mapana na adabu. Wenzake walipotoka, Wistin alibaki nyuma.

"Grezju, umepima vizuri?"

Grezju alikuwa akifuta rula kwa leso. "Nimepima watu miaka thelathini. Unafikiri goti silijui?"

"Sasa mbona umeandika?"

"Wistin wangu, mtu akitaka kuwa mfupi, mimi nani nimrefushe?" Akamgusa mkono. "Zungumza naye."

Alhamisi haikuja hodi. Wistin alisubiri mpaka saa kumi, akalifungua dirisha, akalifunga. Halikukwama hata kidogo. Siku ya pili yake akaenda dukani. Mama mmoja alikuwa akichagua taa ya ukutani, akachagua mpaka Wistin akataka kumnunulia duka zima aondoke. Alipotoka, Leli aliuliza bila kuinua macho, "Nikupe nini?"

"Skrubu."

"Za nini?"

"Za dirisha."

Leli hakucheka. Akaanza kupekua kwenye droo.

"Ulikunja magoti," Wistin akasema.

"Watu wakizeeka hupungua."

"Sentimita tano kwa mwaka? Ukifika themanini Nenu atakutia mfukoni."

Mdomo wa Leli ulitaka kutabasamu ukajizuia. Akaifunga droo. "Wistin, sikiliza. Baba yangu alibeba pale. Amu yangu pia. Mwaka mzima mimi naficha, hata nikinunua samaki najiona naficha. Nikiingia chini ya boriti ile, saa mbili tu, sina cha kuficha. Majina yetu yakibandikwa ubaoni watu watasema, kumbe! Kumbe miaka yote ile bega kwa bega! Watanichafulia na hiyo."

"Watasema kumbe? Leli, wanajua. Hii si siri ya mtungi na kata tena, wanaijua mpaka paka."

"Kujua si kusema."

"Basi waseme. Sheria ipo."

"Sheria iko Valletta. Mimi niko hapa."

"Mficha uchi hazai, Leli."

"Na sisi tungezaa nini?" Leli aliuliza, si kwa ubaya. Akazisukuma skrubu juu ya meza. "Nimesema baada ya Pasaka. Nilichosema nimesema."

Kengele ya mlango ikalia, akaingia mteja, na sauti ya Leli ikapanda papo hapo, ikawa ya dukani. "Hizo zitakufaa, mzee. Zikikushinda, rudi tukubadilishie."

Mzee! Wistin alitoka na skrubu zake, na neno hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Alhamisi nyingine zote za Kwaresima hapakuwa na hodi. Alizoea kuiacha redio ikisema peke yake ili nyumba iwe na sauti. Siku moja alimpikia Leli maharage anayoyapenda, akijua haji, akayala yote mwenyewe palepale kwenye sinki, akaumwa tumbo. Bibi Vitor alimwita kutoka juu, "Wistin, dirisha lako limepona?" Akamjibu, "Limepona, mama." Kikongwe yule akasema, "Pole, mwanangu," na hapo Wistin alilazimika kuingia ndani haraka.

Asubuhi ya Pasaka jua lilikuwa kali mapema. Watoto waliinua keki zao za lozi zibarikiwe sanamu ikipita. Wistin alikuwa nyuma kulia, na mbele yake, upande uleule, aliiona shingo ya Leli. Aliijua shingo ile, kovu lake na nywele zake mbili tatu ambazo Nenu huzisahau kila mara. Leli alitembea amejikunja. Aliuweza mtaa wa kwanza. Kwenye wa pili kanzu ilianza kumganda mgongoni, na pindo lililoburuzika lilikuwa jeusi kwa vumbi.

"Mzee Wistin," Marton akanong'ona, "yule mzee Leli mbona anatembea hivyo?"

"Tazama njia yako, mwalimu."

Walizunguka saa nzima na zaidi. Kila waliposimama, wabebaji walitia magongo yao ya panda chini ya boriti ili mabega yapumzike, na wenzake Leli wakajinyoosha viuno. Leli hakujinyoosha. Aliegemea gongo lake na magoti yakiwa vilevile, yanatetemeka mpaka kanzu ikatikisika. Kwenye kituo cha mwisho, chini ya mwinuko, Wistin hakuvumilia. Aliliacha gongo likishikilia upande wake, akaenda mbele, akainama sikioni kwake kama mtu anayeuliza saa.

"Simama wima, Leli. Nakuomba."

"Rudi mahali pako."

"Silitaki tena jibu. Fomu nitaichana leo. Kaa hukuhuku mbele, lakini nyoosha miguu. Huwezi kukimbia hivyo."

Jasho lilimtiririka Leli mpaka kidevuni. Macho aliyaelekeza mbele. "Rudi mahali pako, Wistin. Watu wanatazama."

Wistin akarudi. Grezju akagonga boriti mara tatu, bendi ikalipuka, na wakakimbia.

Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu Leli alikanyaga pindo la kanzu yake mwenyewe. Wistin aliliona bega lile likishuka, kisha kichwa, kisha hapakuwa na mtu. Ncha ya mbele ya boriti ikagonga chini, sanamu ikainama mbele, wanawake wakapiga kelele mtaa mzima. Nenu, Mungu ambariki na ufupi wake, alilitumbukiza gongo chini ya boriti akalishikilia kwa mikono yote miwili huku akitukana. Sanamu ikasimama.

"Shikilieni!" Grezju alinguruma. "Badala mbele!"

Mtu wa akiba akaruka kutoka pembeni akaingia pale alipotoka Leli. Leli wakamvuta mpaka ukutani.

"Badala nyuma!" Wistin akapaza sauti.

Grezju akageuka. "Wewe umeumia?"

"Sijaumia. Badala!"

"Wistin, ukiacha boriti kwenye mbio, hurudi tena. Unaijua kanuni."

"Naijua kuliko wewe. Badala, nimesema!"

Mwingine akaja, Wistin akatoa bega lake. Grezju akagonga tena mara tatu, sanamu ikapanda mlima mbio, na watu karibu wote wakaikimbilia. Baada ya muda makofi yakasikika juu kanisani. Kule chini walibaki watu kama ishirini, bibi Vitor na fimbo yake miongoni mwao, wamemzunguka Leli.

"Mpisheni Wistin," akasema bibi Vitor. "Mpisheni apite."

Wakampisha. Hakuna aliyeguna wala aliyecheka. Mwanamume mmoja alimshika kiwiko asije akajikwaa, na mwingine akakunja koti lake akampa amwekee Leli kichwani. Miaka ishirini na saba ya kuogopa watu hawa, na watu wenyewe ndio hawa. Wistin alipiga magoti. Leli alikuwa amelala kwa urefu wake wote, goti limevimba tayari, uso umekuwa wa rangi ya jivu.

Muuguzi wa gari la wagonjwa, mwanamke kijana asiye wa mji ule, alikuja na karatasi zake. Akalibonyeza goti, akasema hospitali haikwepeki, huenda pana upasuaji. Kisha akainua kichwa akawatazama waliosimama.

"Jamaa yake ni nani hapa?"

Wote walimtazama Wistin, wakasubiri. Bibi Vitor alimgusa bega kwa ncha ya fimbo. "Sema basi, mwanangu."

Wistin alifungua mdomo. "Mimi—"

"Sina mtu hapa," Leli akasema.

Alisema kwa sauti ya wazi, ya dukani, macho yakiwa juu kwenye roshani. "Mwiteni dada yangu, Dolor. Yuko nyumbani, juu ya duka la vyuma." Kisha, kwa upole ule anaomwomba nao jirani yeyote, akaongeza, "Wistin, tafadhali. Kamwite."

Muuguzi akaandika. Wistin alinyanyuka, akashika ukuta kidogo, akaenda.

Alipanda ngazi za duka akiwa bado na kanzu yake. Dolor alifungua mlango na mwiko mkononi, harufu ya mwana-kondoo na viazi ikamtangulia. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka sitini na tisa, na maneno aliyatoa kwa hesabu.

"Leli ameanguka. Goti," Wistin akasema. "Wanampeleka hospitali. Wanataka jamaa yake."

Dolor alienda kuzima jiko, akafungua kamba za aproni, akaishika mkononi.

"Na saa hii yuko na nani?"

"Na muuguzi. Amesema hana mtu."

Dolor alimtazama. Miaka yote alimwita Wistin, na mbele za watu bwana Wistin.

"Na wewe, shemeji," akasema, "ukawaacha waandike hivyo?"

Duniani hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Yeye ndiye aliyesema," akajibu.

Dolor alivaa koti, akatia funguo mfukoni, akashuka, na Wistin akamfuata mpaka kwenye gari. Muuguzi alisema wanaruhusu jamaa mmoja tu, akampa Dolor mkono apande.